Mshona Breki wa Chole

Vilhemstali, Usambara
10 Safar 1329

Kwa dada yangu Mize binti Shaibu,

Shikamoo dada, tena shikamoo. Ya tatu mpelekee baba, kama ataipokea. Mimi sijambo, nakula, nalala, na baridi ya huku nimeanza kuelewana nayo. Kifua chako vipi? Na jirani yetu Bimkubwa, bado anakuja kuazima kinu halafu anakaa mpaka adhuhuri?

Dada, nimepanda cheo. Pale shambani kwa mzungu wetu wa kahawa mimi sasa ndiye tarishi. Kila asubuhi nauteremka mlima na mfuko wa barua mpaka stesheni ya Mombo, na alasiri napanda tena. Nateremka kwa baiskeli. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii uione, usije ukadhani nasema uongo.

Shida ni moja. Baiskeli ina mkono wa chuma pale juu. Ukiuvuta, vipande viwili vya mpira vinabana ukingo wa gurudumu, nalo linasimama. Wenyewe wanaviita breki. Vyangu vimelika vimebaki unene wa ukucha. Msimamizi wetu Muhidini, mtu wa Tanga, ameagiza vingine Ulaya, na meli ya Ulaya huja ikipenda. Kwa hiyo natumia mguu. Nalikanyaga gurudumu kwa soli ya kubadhi, naomba Mungu, nafika.

Na makubadhi hayo, dada! Ni yale aliyoyashona baba, uliyonitumia kwa mkono wa Kombo baharia. Mwezi mzima yanasuguliwa na gurudumu wala hayajatoboka. Wenzangu viatu vyao vya dukani viliwaisha kwa wiki moja. Nikawaza, kama soli yake inasimamisha gurudumu, kwa nini asinikatie breki yenyewe? Najua alisema mwana aliyekimbia ngozi asije akamwomba ngozi. Basi niombee wewe. Kipande kilicholika kimo humu ndani ya kitambaa, kiwe kipimo cha urefu na upana. Unene uwe wa kidole gumba. Nataka vinne. Siku moja mguu utachelewa, dada, na bonde la huku ni refu.

Nduguyo mdogo,
Hemedi


Chole, Mafia
4 Rabiul-Awwal 1329

Kwa Hemedi, mpanda vyuma,

Marahaba, shikamoo zako mbili nimezichukua. Ya tatu nilimfikishia baba, akasema, "Nimesikia," akageukia ukutani. Kutoka kwake hicho ni kingi. Kifua changu kimepoa. Bimkubwa yupo hapa nikiandika, na kinu amekikalia.

Picha yako tumeitazama sana. Bimkubwa anasema ni miwani. Mimi nimeamini kwamba ni baiskeli kwa sababu umesema wewe, ila sijaelewa mtu anakaa wapi.

Sasa kaa kitako. Makubadhi unayoyasifu hakuyashona baba. Nimeyashona mimi.

Ile homa iliyompata mara tu ulipoondoka ilimwachia mikono inayotetemeka. Alikata ngozi ya mteja mmoja ikaenda upande, akakata nyingine, nayo vilevile. Nilimkuta uani amekaa na kisu mapajani, analia. Nikakichukua kile kisu. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, baba anakaa barazani, anapokea watu na kupima nyayo, mikono ameificha ndani ya kanzu. Mimi nakaa uani nyuma ya mlango, nakata na kushona. Chole nzima inasema mkono wa Shaibu unazidi kuwa mtamu uzeeni. Juzi Awadh bin Muhsin, yule mwenye mashamba, alisimama barazani akasifu mishono mpaka koo likamkauka. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake na kubadhi lake lingine mapajani. Nilifurahi, Hemedi, na niliumia, yote kwa pamoja. Baba ananihurumia lakini hataki neno litoke. Nawe usilitoe.

Breki zako hizi hapa, nne. Ni ngozi ya ng'ombe wa kijiji cha Kanga, imelowekwa kwenye magome ya mkoko siku kumi na mbili, tabaka saba zimeshonwa pamoja. Uzi nimeuzamisha ndani ili chuma kisiufikie. Na kwa kuwa umesema huko mvua haikatiki, nimezinywesha mafuta ya ini la papa siku tatu, kama tunavyofanya kila kitu kitakachokutana na maji. Hazitaoza hata ukizika mtu nazo.

Huo mlima una urefu wa minazi mingapi? Nijibu, Bimkubwa anabisha.

Dada yako,
Mize


Chole, Mafia
17 Rabiul-Akhir 1329

Hemedi,

Salamu kwanza, maana sitaki kukuandikia kwa hasira. Hujambo? U mzima? Mwezi na nusu sasa. Meli imekuja mara mbili, na mara mbili karani amesoma majina yote pale forodhani, lako hamna. Kama breki hazikufaa, sema hazikufaa, mimi si yai. Kama umejaa majivuno ya utarishi, tutaonana ukirudi. Baba haulizi, ila siku za meli hutoka mapema kwenda forodhani, anasema anakwenda kupunga upepo.

Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Mize


Vilhemstali
24 Jumadal-Ula 1329

Dada Mize,

Shikamoo. Nakuandikia polepole kwa sababu mkono wa kulia ndio kwanza umefunguliwa. Usishtuke, nimeshapona. Nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega.

Breki zako zilifika salama. Siku mbili za jua nilishuka nazo vizuri, nikajisifu mpaka nikavuka mpaka. Muhidini aliponiuliza nimezipata wapi, nikasema kazi ya dada yangu huko Mafia. Ulinikataza nisiseme, najua, lakini huku nani anamjua baba? Siku ya tatu ikanyesha. Kwenye kona ya pili nilivuta mkono wa chuma, baiskeli ikaendelea na safari zake. Nikavuta kwa nguvu zote. Gurudumu lilikuwa linapita katikati ya zile ngozi kana kwamba hazipo. Mguu niliuteremsha nikiwa nimeshachelewa. Nilipoamka nilikuwa mtaroni na barua za watu zimenizunguka, na mbwa wawili wa mzungu wanalamba breki. Wale mbwa walikuwa wananifuata tangu siku ya kwanza, dada, kwa ile harufu.

Nimelazwa wiki tano. Sikutaka kukuandikia kwa mkono wa mtu mwingine, maana mwenye mkono huo ni Muhidini. Alizichukua breki, akazinusa, akacheka mbele ya matarishi wote, akasema, "Kazi ya mwanamke hiyo, imepikwa."

Mimi sikulaumu. Ninarudia, sikulaumu. Lakini kama unajua ziliteleza kwa nini, niambie, kwa sababu wiki ijayo napanda tena, na mguu ni uleule.

Mlima huu sijui minazi mingapi. Weka mnazi juu ya mnazi mpaka uchoke, halafu anza upya.

Nduguyo,
Hemedi


Chole, Mafia
6 Rajabu 1329

Hemedi, ndugu yangu,

Marahaba, na pole, na pole tena. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Siku mbili sikushika kisu. Nilikuwa nimekuvunja mfupa kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikafika pale kwenye maneno ya Muhidini, nikainuka.

Nilijiuliza swali moja: mbona kubadhi lako lilishika, na ngozi ni ileile? Nikakumbuka kwamba makubadhi yako yalishatembea miaka miwili, mafuta yote yamebaki njiani. Mafuta ndiyo yaliyokuangusha. Sisi hapa kila kinachoingia majini tunakipaka, mashua, kamba, ngozi, tungeweza tungejipaka wenyewe. Hakuna aliyewahi kuniomba kitu cha kushika kikiwa kimelowa.

Lakini nimechoka kudhani, na baiskeli sina. Nikachukua sinia la shaba la harusi ya mama, nikaligeuza kifudifudi, nikalimwagia maji. Juu yake nikaweka kipande cha ngozi, nikakibebesha jiwe. Kisha naliinua sinia upande mmoja kidogokidogo mpaka kipande kiteleze, nachora mstari wa mkaa ukutani pale ukingo ulipofika. Ngozi yenye mafuta iliteleza sinia likiwa limeinuka vidole vitatu tu. Niliona aibu peke yangu uani. Ngozi kavu ilifika kiganja. Nikajaribu makumbi ya nazi, yalishika vizuri, ila yakasagika. Nikajaribu mti mwepesi wa boya la nyavu, ukalika. Nikarudi kwenye ngozi, nikaiparuza uso kwa ngozi ya papa iliyokauka, ile tunayosugulia mbao, na kati ya tabaka nikapaka utomvu wa mbungo, ule unaonata kama mpira, badala ya mafuta. Hiyo ikapanda shibiri nzima na vidole viwili juu.

Ukuta umejaa mistari. Baba aliingia akauliza sinia la marehemu limekosa nini. Nikamweleza yote, na mtulinga wako pia. Halafu akatoa mikono ndani ya kanzu, akasema, "Mimi nishike sinia, wewe uchore." Hemedi, alilishika, na likatetemeka, kipande kikaporomoka kabla ya wakati. Akaliweka chini akataka kuondoka. Nami sijui maneno yalitoka wapi, nikamuuliza, "Baba, hiyo baiskeli ikiteremka kwenye mawe, inatulia?"

Akasimama. Akasema, "Haiwezi kutulia."

"Basi mimi mwenye mikono iliyotulia napima uongo. Shika wewe."

Siku kumi na moja tumefanya hivyo, yeye anatetemesha, mimi nachora. Ile ngozi ya shibiri na vidole viwili mikononi mwake ilianguka mapema sana. Tumeikata upya, tumeiparuza zaidi, tumepunguza tabaka zikawa tano ili isiwe ngumu mno. Hizi nne nilizokutumia ndizo zilizokaa juu ya sinia mikononi mwa baba mpaka akachoka yeye. Usizipake kitu. Hata ukiona zimekauka, usizipake kitu.

Zijaribu kwanza mahali pa tambarare, tena umwage maji. Nakuomba.

Dada yako,
Mize


Vilhemstali
3 Shaabani 1329

Dada yangu, fundi wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Afya yangu? Mimi leo sina afya, nina sherehe. Baba je, mikono inamuuma? Mwambie nimeuliza, mwambie hivyohivyo.

Nilizijaribu penye tambarare kama ulivyosema, nikamwaga ndoo mbili. Zilibana baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea mbele peke yangu nikakaa kwenye majani. Nikajifunza kuvuta kwa adabu. Kisha nikangoja mvua. Huku hungoji sana. Nilishuka mlima wote, dada, kona zote saba, mguu haukugusa gurudumu hata mara moja, na kwenye ile kona ya pili nilisimama kwa makusudi, nikateremka, nikautazama ule mtaro wangu, nikapanda tena nikaenda zangu.

Muhidini hakuamini. Akachukua baiskeli yangu mvua ikinyesha, akashuka mwenyewe na kanzu imemganda mwilini. Alirudi jioni. Akazishika zile breki, akazigeuza, akahesabu mishono. Sasa anataka za baiskeli zote tatu zilizobaki, kumi na mbili, na anatuma ngozi ya huku uione kama itafaa. Mzigo utakwenda na barua yake ya kuagiza, na karani wa bandarini lazima aandikiwe jina la mpokeaji.

Niandike jina gani, dada?

Nduguyo,
Hemedi


Chole, Mafia
21 Shaabani 1329

Kwa Hemedi,

Marahaba. Sote wazima. Baba anakula vizuri siku hizi, na ukuta hataki tuupake chokaa, mistari ibaki.

Niliposoma kwamba ulisimama kwenye ile kona nilipiga kigelegele, Bimkubwa akaja mbio akidhani kuna mtoto amezaliwa. Nimejivuna, sikufichi. Nilitembea uani nikirudi nikienda kama mwenye uwanja wake.

Kuhusu jina, andika Shaibu. Unajua mizigo inavyoitwa pale forodhani, karani anasoma kwa sauti na watu wote wapo. Likisomwa jina langu na neno fundi, mtu wa kwanza atauliza, na wa pili atajua. Kila aliyesifu mkono wa baba miaka mitatu atajiona amechezewa, na baba atakuwa amekaa katikati yao. Yeye hana kitu kingine, Hemedi, ana lile jina tu.

Usidhani sitaki. Nataka. Nataka mpaka naota nimeitwa. Ila sitaki kwa kumvua baba nguo mbele ya watu.

Andika Shaibu.

Dada yako,
Mize


Vilhemstali
14 Ramadhani 1329

Dada Mize,

Shikamoo, na funga njema. Mimi nafunga na kuteremka mlima, na kwa breki zako hata kiu hainitishi.

Nina kosa la kuungama kabla mzigo haujafika. Barua yako ilinikuta mzigo umeshafungwa. Muhidini aliniuliza, "Fundi anaitwa nani?" Nikasita kidogo, nikaona ile siku aliyocheka. Nikamwambia, "Uliyesema ni kazi ya mwanamke ni wewe, basi jina lake liandike kwa mkono wako." Akaandika. Hakucheka. Akaniuliza na jina la baba yake, akaliandika pia, kwa herufi kubwa.

Ningeweza kumwomba afute. Sikumwomba. Nilikaa siku nne na hiyo barua yako mfukoni, mzigo upo pale mlangoni, na sikumwomba. Nilimkimbia baba kwa sababu sikuweza kukata ngozi ikanyooka, na wewe uliyeweza umefungiwa uani. Hilo lilinishinda kulimeza. Kama nimeharibu, nigombeze, nitapokea.

Nduguyo mwenye kosa,
Hemedi


Chole, Mafia
5 Shawwal 1329

Hemedi,

Umesalimu, nami marahaba sikupi bado. Idi ilikuwa njema, ukitaka kujua. Mwili mzima, roho ilikuwa mbaya.

Barua yako ilifika na meli ileile iliyoleta mzigo, kwa hiyo sikupata hata siku moja ya kujitayarisha. Haya ninayokuandikia sikuyaona, nilikuwa uani. Aliyaona Bimkubwa, alikuwa pale forodhani na vitumbua vyake, na nilimrudisha mara tatu ayaseme upya mpaka akadai maji.

Ilikuwa juzi, mwezi tatu, watu bado na nguo zao za Idi, na unajua Idi ya Chole, kila mwanamume ana makubadhi mapya. Mimi nilikesha Ramadhani nzima nayashona. Baba alikaa na wenzake, Awadh bin Muhsin kushoto kwake. Karani akasoma, "Fundi Mize binti Shaibu, mshona breki, Chole." Watu wakacheka. Karani akasoma tena, wakacheka zaidi. Mmoja akasema huko bara hawajui kuandika, wamechanganya baba na binti. Awadh akampigapiga baba begani, akamwambia, "Nenda kachukue mzigo wako, Shaibu, wamekuoza kwa jina la bintiyo."

Bimkubwa anasema hapo baba alikuwa na mlango wa kupitia, wazi kabisa. Angesema ndiyo, wamekosea, wangecheka wakatawanyika.

Alisimama. Akatoa mikono ndani ya kanzu, akainyoosha mbele yao, yote miwili, ikatetemeka ikionekana na kila mtu. Akasema, "Hawakukosea. Mikono hii haijashona kitu tangu ile homa yangu. Makubadhi mliyovaa, ya mwaka huu na mwaka jana na mwaka juzi, ni kazi ya Mize. Nimewaficha kwa kiburi changu, na yeye amenisitiri. Anayeona haya kuvaa kazi ya mwanamke na avue sasa hivi, aende kwao pekupeku."

Kisha akauchukua mzigo, akaubeba mwenyewe kifuani, akaja nyumbani. Alipita uani, akaukunja mkeka wangu na ngozi zangu zote, akautandika barazani upande wa kushoto wa mlango. Akaenda kukaa upande wa kulia, akaagiza kahawa. Nakuandikia kutoka hapo. Ameuliza kama mtulinga wako unauma wakati wa baridi, ujibu katika barua yako ya kwanza, naye nitamsomea.

Nilimuuliza Bimkubwa nani alivua. Nilitaka kujua majina, ili niwapitishe mbele ya mkeka huu nikiwa nimenyamaza. Anasema Awadh ndiye aliyeinama wa kwanza, akautazama mshono wa kidole gumba muda mrefu, watu wote wakimtazama yeye. Akajiinua, akaweka miguu yake sawa.

Hakuna aliyevua.

Marahaba, mdogo wangu.

Dada yako,
Fundi Mize binti Shaibu